Nafasi ya Kukaa: Kwa Kijana wa Chumbageni Aliyeniuliza Afuate Mkondo Gani

Wiki tatu zilizopita nilipokea ujumbe kutoka kwa kijana wa Chumbageni, Tanga, ambaye jina lake nalihifadhi. Alianza kwa adabu, "Shikamoo dada," akaeleza kwamba anachora kwenye vipande vya hadibodi, kwamba katika mwaka mmoja amekwisha kujaribu mitindo mitano, na kwamba kila anapomaliza picha huona imefanana na picha ya mtu mwingine. Kisha akauliza: "Nifuate mkondo gani ili nami nijulikane?" Nilimjibu upesi, nikiwa jikoni, kwa sentensi mbili ambazo sasa nazionea haya. Nilimwambia afuate moyo wake. Jibu hilo ndilo nililokuwa nikipewa mimi kwa zaidi ya miaka kumi, na halikunisaidia hata siku moja. Leo nataka kumjibu ipasavyo, na kwa kuwa najua wengi mnaonisoma mnachora, mnabuni nembo, mnashona, au mnatamani kufanya mojawapo ya hayo, nawajibu nyote kwa pamoja.

Nianze na neno lenyewe. Tunasema mkondo wa sanaa, lakini hapa pwani mkondo ni jambo la baharini kabla halijawa la darasani. Marehemu mjomba wangu alivua kwa ngalawa hapa Bagamoyo maisha yake yote. Kabla hajatupa mshipi alikuwa akitupa kwanza kipande cha kumbi la nazi majini, akakitazama kinavyokwenda, kimya, kwa muda ambao mimi mtoto niliuona mrefu kuliko hotuba ya Ijumaa. Hakuwa akijiuliza kama aufuate mkondo au asiufuate. Alitaka kujua unaelekea wapi, ili ajue nguvu zake azitumie wapi. Siku nyingine aliufuata, siku nyingine alikwenda kinyume chake, na mara nyingi zaidi alitia nanga akauacha upite. Anayejiachia tu kwenye mkondo, alikuwa akisema, huyo si mvuvi, ni kumbi.

Mimi nimekuwa kumbi kwa miaka mingi.

Nilianza nikiwa na umri wa miaka kumi na tisa, kwenye kibanda cha makuti kando ya njia iendayo ufukweni, nikichora tingatinga za kuwauzia watalii. Mtindo huo una mwenyewe, jambo ambalo wauzaji wengi hawawaelezi wateja wao: ni Edward Saidi Tingatinga, mzaliwa wa upande wa Tunduru, ambaye mnamo mwaka 1968 alianza kuchora jijini Dar es Salaam kwa vifaa alivyoweza kuvipata, yaani vipande vya mraba vya hadibodi na rangi za mafuta zinazong'aa, na ambaye mwaka 1972 aliuawa kwa risasi ya polisi waliomdhania kuwa mhalifu. Alipata miaka kama minne tu ya kuchora. Nilipokuja kuziona picha zake mwenyewe, na si zetu sisi tuliomfuata, nilishtuka kwa uchache wa vitu vilivyomo. Mara nyingi ni mnyama mmoja, rangi moja nyuma yake, pengine kijiti chenye majani machache, na amemaliza. Sisi ndio tuliojaza. Tuliongeza twiga watatu, mbuyu, Mlima Kilimanjaro, Wamasai wenye mikuki, ndege wa kila rangi na jua linalozama, kwa hofu kwamba mteja akiona sehemu tupu atadai apunguziwe bei.

Nisijishushe, nilikuwa hodari. Niliweza kumchora tembo kwa dakika ishirini, na kwa wiki niliuza picha kumi na mbili wakati wenzangu wanauza tano. Kasoro ilikuwa moja: sikuwahi kumwona tembo, ingawa Saadani si mbali na kwetu.

Kisha mgeni mmoja aliyekaa nasi wiki mbili aliniachia kitabu kinene cha historia ya sanaa ya Ulaya, na hapo ndipo nilipopotea kwa namna mpya. Nilisoma habari za Claude Monet, aliyechora bandari ya Le Havre wakati wa macheo mwaka 1872. Picha hiyo ilipoonyeshwa Paris mwaka 1874, mwandishi wa gazeti aitwaye Louis Leroy alilitumia jina la picha hiyo, lenye neno "impression", kumdhihaki Monet pamoja na wenzake, na dhihaka hiyo ikageuka kuwa jina la mkondo mzima, impreshonizimu. Nilifurahi kupita kiasi kujua kwamba wakubwa nao waliwahi kuchekwa. Kesho yake alfajiri nilikuwa ufukweni na rangi zangu, kwa kuwa nasi Bagamoyo jua linatutokea baharini, upande wa Unguja, nikaona kwamba nimekwisha kuipata Le Havre yangu. Nilikwenda kila siku kwa zaidi ya mwezi. Nilichora ngalawa ndani ya ukungu wa buluu, nguzo ndani ya ukungu, wanawake wenye ndoo ndani ya ukungu.

Siku moja mzee aliyekuwa akishona wavu wake alisimama nyuma yangu kwa muda mrefu.

"Binti," akasema, "moto uko wapi?"

"Moto gani, babu?"

"Si wa huo moshi unaouchora."

Nilimkasirikia kwa wiki nzima, halafu nikaanza kutazama. Le Havre ilikuwa bandari ya meli za moshi, yenye mabomba na hewa ya baridi iliyojaa mvuke. Kwetu, ifikapo saa moja asubuhi, mwanga umekwisha kuwa mweupe, na kivuli cha kila ngalawa kina ukingo mkali kama uliokatwa kwa wembe. Monet alichora alichokiona. Mimi nilichora alichokiona Monet. Na lile lililokuwa na faida ndani ya kitabu kile nililipita bila kulizingatia: kwamba mtu huyo, miaka ya mwanzo ya 1890, alilichora kanisa kuu la Rouen zaidi ya mara 30, jengo lile lile, saa tofauti, kwa kuwa alikubali kukaa mahali pamoja mpaka mahali pakamfungukia. Mimi nilikuwa nimekaa mwezi mmoja bila kutazama hata asubuhi moja.

Ungedhani nilijifunza. Badala yake nilihamia kwenye kyubizimu, mkondo wa kuvivunja vitu katika pembe na pande.

Hapa naomba mnivumilie, kwa kuwa jambo hili bado linaniuma. Mwaka 1907 Pablo Picasso aliingia katika jumba la makumbusho la Trocadéro, Paris, akazikuta barakoa za Afrika na za visiwa vya Pasifiki, na mwaka huo huo akamaliza picha ya wanawake watano ambao sura za baadhi yao zinafanana na barakoa. Wataalamu huitaja picha hiyo kuwa mojawapo ya milango ya kyubizimu. Nilipolisoma hilo nilijiambia kwamba mkondo huu ni wa bara letu, mtu wa mbali ameuazima tu, na mimi ninakwenda kuuchukua. Nilichora nyumba za mji mkongwe wetu, milango na baraza na kuta zinazomeguka, nikazivunja katika pembe na pande, nikaweka sura za wazee madirishani kwa mchongo wa mapiko, zile barakoa za Wamakonde. Picha tisa. Nilizifunga kwa magunia, nikapanda nazo basi hadi Dar es Salaam, kwenye maonyesho ambayo nilikuwa nimealikwa kwa barua. Msimamizi alizipitia kwa dakika zisizozidi tatu, simu sikioni, kisha akaniambia, "Hizi si za Kiafrika vya kutosha. Huna simba?"

Mtu wa Paris aliazima sura zetu akaitwa mvumbuzi. Mimi wa Bagamoyo nilipozitumia niliulizwa simba yuko wapi. Ni miaka kumi na moja sasa, na nikiwa nasubiri usingizi bado huwa natunga majibu ambayo ningempa. Nimeyaandika maneno yake kwa chaki ndani ya mlango wa kabati langu la rangi, na kila ninapofungua kabati ninayasoma.

Hata hivyo, kuna jambo ambalo wakati ule nisingelikubali hata kwa kiapo: zile picha zilikuwa mbaya. Hazikuwa mbaya kwa sababu aliyoisema yeye. Zilikuwa mbaya kwa sababu zilikuwa zimejaa. Ukizitazama hukupata pa kuweka jicho, kila kona ilikuwa ikikupigia kelele kwamba mchoraji huyu amesoma kitabu.

Miaka miwili iliyofuata haina la kusimulia. Niliuza vitumbua, nikajifungua, nikaajiriwa kubuni kadi za mialiko kwenye steshenari ya mtu. Nakumbuka kadi moja tu ya wakati huo, yenye aina saba za herufi, njiwa wanne na mawaridi kuzunguka pande zote. Mwenye harusi aliipenda mno. Wageni kadhaa walikwenda ukumbi usio wenyewe, kwa kuwa jina la ukumbi lilikuwa chini ya bawa la njiwa.

Kilichonirudisha ni bibi yangu mzaa mama, aishiye upande wa Kaole. Alikuwa ameumia mguu, nami nikatumwa kwenda kumkalia. Bibi anasuka mikeka. Ukindu wake huanikwa juani mpaka upauke, ule wa rangi huchemshwa na rangi ndani ya sufuria kuukuu ambalo halipikiwi kitu kingine, kisha huchanwa kwa ukucha kuwa nyuzi za upana mmoja, zikasukwa kuwa ukili, na ukili ukashonwa ubavu kwa ubavu mpaka ukawa mkeka. Ni kazi ya wiki nyingi. Alikuwa akiifanya tangu baada ya sala ya alfajiri mpaka chai ya saa nne, bila redio, bila mazungumzo, na mimi niliyekuwa nimezoea kelele za steshenari nilikaribia kuugua. Siku tatu za kwanza nilihesabu kuku wa jirani. Siku ya nne nilianza kuuona ukili. Niliona kwamba mkono wa kulia hauukimbii wa kushoto, na kwamba uzi ukiwa mpana kuliko wenzake, bibi haulazimishi, anauweka kando hadi utakapofaa.

Mkeka aliokuwa akiushona ulikuwa na zambarau na kijani pembeni, na katikati yote ilikuwa rangi ya ukindu wenyewe. Nikamwuliza, "Bibi, mbona katikati umeacha hivi hivi? Rangi imekwisha?"

"Rangi ninayo tele," akasema bila kuinua macho. "Mkeka huu si wa kutundika, mjukuu wangu. Hapo katikati kuna mtu atakaa. Nipe sindano."

Nilimpa sindano. Kwa muda mrefu sikusema neno, naye hakushughulika kuniuliza nina nini.

Niliporudi nyumbani nilikifungua tena kile kitabu kinene, safari hii kwenye kurasa nilizokuwa nikiziruka, za Bauhaus, shule ya sanaa na ubunifu. Walter Gropius aliianzisha mjini Weimar, Ujerumani, mwaka 1919, na ikafungwa mwaka 1933 kwa shinikizo la Wanazi. Ilitangaza kuwapokea wanawake na wanaume sawasawa, lakini wanawake wengi walielekezwa kwenye karakana ya ufumaji. Mmoja wao, Anni Albers, alikuwa ametaka karakana ya vioo. Alikwenda kwenye kitanda cha mfumi bila furaha, na huko ndiko alikojua kwamba uzi nao una mawazo yake na kwamba anayefuma lazima ausikilize. Mwaka 1949 jumba la sanaa za kisasa la New York lilimfanyia maonyesho ya peke yake, na hakuna msanii wa nguo aliyekuwa amefanyiwa hivyo pale kabla yake. Kinachonipendeza zaidi ni kwamba kitabu alichokitoa mwaka 1965 alikitabaruku kwa wafumaji wa Peru ya kale, akiwaita walimu wake wakubwa. Aliwataja. Ningetamani kila anayeazima awe na heshima hiyo, na hapa simsemi Picasso peke yake, nawasema pia vijana wetu wanaonakili mikeka ya bibi zao kwenye mifuko ya kuuza hotelini bila hata kuwapelekea bibi hao sukari.

Basi, kijana wangu wa Chumbageni, ushauri wangu wa kwanza ni huu: kaa. Tafuta mahali pamoja, ukae, usichore. Ushauri wa pili haupishani sana na wa kwanza: rudi mahali pale pale kesho yake, na simu uiache nyumbani. Najua utasema huna muda, na kwamba wenzako wanaweka picha mpya kila siku. Waache waweke. Kizazi hiki kinaona picha mia kabla ya kunywa chai, halafu kinashangaa kwa nini mkono hauna la kwake la kusema. Mkono utaleta nini ikiwa jicho halijapata hata robo saa ya kunyamaza? Nasema kwa ukali kwa kuwa ninajisema mwenyewe. Miaka kumi niliipoteza nikiuliza niingie mkondo gani, na siku zote hizo nilikuwa sijaangalia maji.

Niwaeleze kilichotokea mwaka huu, maana bila hicho nisingekuwa na uso wa kumshauri mtu.

Niliamua kubuni kanga. Kila anayevaa kanga anazijua sehemu zake tatu: pindo linalozunguka, mji ulio katikati, na jina, yale maneno ambayo zamani yaliandikwa kwa herufi za Kiarabu na sasa huandikwa kwa za Kirumi. Mchoro wangu wa kwanza ulikuwa na miraba ya nyekundu, njano na buluu ndani ya mji, kwa heshima ya Piet Mondrian na wenzake wa De Stijl, mkondo ulioanzia Uholanzi mwaka 1917. Juu ya miraba niliweka ngalawa, mlango wa nakshi na mnazi. Nilikuwa nimemsikia bibi, nimemsoma Albers, na bado nikajaza! Kiwanda cha Dar es Salaam kilinirudishia kwa mstari mmoja: "Mji umejaa, jina halisomeki." Safari hii sikuandika kabatini. Walikuwa na haki.

Nilirudi Kaole, nikakaa na bibi siku sita. Sikuchora kitu hadi siku ya tano. Mchoro wa pili una pindo la ukili, zile kona kona za bibi zikiwa zambarau juu ya njano iliyofifia, na mji wote ni mtupu, isipokuwa kipande kimoja kidogo cha kumbi upande wa kushoto, kama kilichotupwa majini sasa hivi. Jina nililoandika ni NAFASI YAKO NIMEIACHA. Kiwanda kilikubali. Doti ishirini za kwanza zilizofika kwenye duka moja la hapa sokoni zilikwisha kwa siku nne, na nakiri kwamba siku hizo nne nilipita mbele ya duka lile asubuhi, mchana na jioni bila kuwa na haja ya kununua chochote. Nilimwazia mtu mtulivu atakayeuona utupu ule na kuelewa. Nilichokikuta ni wanawake wawili wakibishana. Mmoja aliinunua ampelekee wifi yake aliyesusa shughuli ya nyumbani kwao, mwingine akasema hapana, maneno haya ni ya kumwambia mume aliyehamia kwa mke mdogo. Mwenye duka akawaambia wote wawili kwamba yanafaa. Bibi nilimpelekea doti ya kwanza. Aliipima unene kwa vidole, akasema ni nyepesi.

Wiki iliyopita nilikwenda soko la samaki, nikamwona mama mmoja ana kanga yangu. Moyo ulinidunda, nikamfuata kwa nyuma kama mpelelezi, nikingoja ageuke nione jinsi mji ulivyotulia mgongoni. Hakuwa ameivaa. Alikuwa ameisokota kuwa ngata, akaiweka kichwani, akajitwika ndoo ya dagaa juu yake. Pindo halikuonekana, kumbi halikuonekana, na kati ya herufi zote nilizozipanga kwa siku mbili ilionekana moja tu, N. Nilisimama pale hadi akapanda bodaboda akaondoka. Kwa kweli kanga ilikuwa imekaliwa, ila na ndoo.

Kijana wangu, Tanga mnayo mengi. Ukitaka mistari iliyonyooka, huna haja ya kuifuata Uholanzi. Panda gari la Muheza, uzitazame safu za mkonge zinavyokimbilia vilimani. Hata Mondrian hakuzaliwa na miraba. Alianza na miti, na mwaka 1915 bado alikuwa akichora bahari na gati kwa vistari vifupi vya kusimama na vya kulala, kwa kuwa alikuwa amesimama mbele ya maji muda wa kutosha. Wewe una ghuba, una kisiwa cha Toten mbele yako, na una Raskazone, ambako mtu anaweza kukaa bila kuulizwa anasubiri nini. Nenda kabla jua halijapanda. Wiki ya kwanza kaa tu. Ya pili pia. Ya tatu chukua hadibodi moja na rangi mbili.

Utakapomaliza nitumie picha, moja, sitaki tano. Sitakuuliza ni ya mkondo gani. Nitakuuliza nikae wapi.